Saa ya Mbuzi wa Bibi Anastazia

Harufu ya maganda ya ndizi yaliyonyunyiziwa maji ya chumvi hainipiti bure. Wengine wanasikia chakula cha mifugo. Mimi namwona mama yangu amepiga magoti uani, kule Mabawe.

Tulikuwa wakimbizi. Kila siku mama alitoka kambini alfajiri, mimi nyuma yake, kwenda kumlimia Bibi Anastazia ili tupate ndizi za kupika. Bibi alikuwa na mbuzi jike mmoja, na kila siku alimpa yale maganda kivuli cha nyumba kilipofika kwenye jiwe la kusagia. Hakuwa na saa. Mbuzi naye hakuwa nayo, lakini kivuli kikigusa jiwe tu, analia kama mtoto aliyeachwa mnadani.

Siku moja mchana mbuzi akatoweka. Aliyepiga yowe la kwanza ni jirani, Zakaria. Namtaja, simfichi.

"Mwizi mnamlisha wenyewe!" alisema, akimnyooshea mama kidole.

Novati, ndugu yake Zakaria, akaja na fimbo, wanaume wengine nyuma yake. Kiswahili kikamkauka mama mdomoni. Akapiga magoti.

"Novati, shusha hiyo," Bibi akasema. "Kaeni. Kivuli kikifika kwenye jiwe, ndipo mpige."

"Tusubiri kivuli, Bibi?"

"Shikamoo hujanipa, maswali unayo?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa."

Wakakaa. Nilikitazama kivuli kikitambaa, nikakichukia. Kilipogusa jiwe, mbuzi akalia. Sauti ilitoka jikoni kwa Zakaria! Alimfungia humo, matundu yote kayaziba kwa magunia, ili mnyama adhani ni usiku atulie. Na kweli alikuwa ametulia muda wote huo. Macho yalidanganyika, tumbo likakataa.

Zakaria akacheka, eti ulikuwa utani. Hakuna aliyemgusa hata kwa kofi. Novati naye amekufa bila kumwomba mama radhi. Hilo sijalimeza, jamani.

Miaka mingi nilidhani Bibi alimtegemea mbuzi wake. Nilipokuwa mtu mzima nikamwuliza: je, kama angekuwa ameshachinjwa?

"Ningesema mbuzi nilimpa mama yako."

"Sasa mbona hukusema mapema?"

"Zakaria angemla mbuzi wangu bure!"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nililia. Kumbe tangu alipowaambia wakae, fimbo ile isingemshukia mama tena. Mimi na mama ndio tulikuwa hatujui.