Walipomsifu Eliya Mahakamani

Siku ile ya mahakamani kule Louisville, mji wetu wa kwanza hapa Marekani, naiona mpaka leo, mwanangu, na kila nikimsikia mama yako hapa mtaani West Side akikuita "mwanaume wangu wa nyumba," inanirudia. Usinikasirikie. Najua unalipenda jina hilo. Kaa kidogo, chai bado ya moto.

Nilikuwa msichana, sijaolewa, tumetoka kambi ya wakimbizi Tanzania si zamani, nafunga maboksi kwenye ghala. Jirani yetu alikuwa Mama Eliya, mjane. Eliya, kifungua mimba wake, alikuwa na miaka kumi na minne, na sisi Warundi wa pale tulimpenda kwa sababu hakuna kazi aliyoikataa. Alisonga ugali, akaogesha wadogo zake, akapanda basi na mama yake kwenda hospitali na kumtafsiria hata yale ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kuhusu mwili wa mama yake. Tulikuwa tukisema, huyu si mtoto, huyu ni baba mwenye nyumba. Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Jioni moja Jonasi, mtoto wa kanisani kwetu na mwenzake wa mpira, alimcheka mbele ya wenzao, eti anafua nguo za ndani za mama yake. Eliya alikuwa ametoka jikoni, na kisu cha vitunguu kilikuwa bado mkononi. Jonasi alifia palepale kwenye maegesho ya magari. Naeleza kwa kifupi kwa sababu kwa kirefu siwezi.

Jaji alikuwa na jambo moja la kuamua: Eliya ashtakiwe kama mtoto, au kama mtu mzima. Kama mtoto, angerudi nyumbani bado kijana. Kama mtu mzima, ujana wake wote ungeishia gerezani. Mwendesha mashtaka akamuuliza Mama Eliya, kwa upole kabisa, mwanao ni mtoto wa namna gani? Naye, maskini, akafanya ambavyo mama yeyote wa kwetu angefanya mbele ya wakubwa. Akamsifu.

"Mheshimiwa, mwanangu ana akili ya mtu mzima. Tangu baba yake afariki, yeye ndiye baba. Ananitunza mimi na wadogo zake. Jambo simwambii mara mbili."

Mkalimani akatafsiri yote. Nilimwona wakili wa Eliya akifumba macho, sikuelewa kwa nini.

Tulipotoka nje nikamshika mkono Mama Eliya, nikamwambia amesema vizuri. Bibi Generoza, mzee wetu wa kanisa, akanigeukia.

"Vizuri kitu gani, binti? Mmeulizwa habari za mtoto, mkaeleza kazi zake. Nani amesema kwamba bado anaogopa radi? Nani amesema kwamba akiumwa analala miguuni pa mama yake?" Akaonyesha mlango wa mahakama. "Tulimfanya mkubwa kwa sababu ilitufaa. Leo serikali itakubaliana na sisi."

Mama Eliya akakaa kwenye ngazi, akalia kama aliyefiwa. Wakili alimrudisha aseme tena, na jaji akasikiliza habari za radi kwa heshima, lakini yale ya kwanza yalishaingia. Eliya akapelekwa mahakama ya watu wazima.

Mama yake Jonasi alihamia mji mwingine, Columbus, maana hakuweza tena kupita kwenye maegesho yale. Naye huwa nampigia simu. Mtoto wake hatakuwa mtu mzima kamwe, na hakuna jaji wa kuamua vinginevyo. Usimsahau kwa kuwa nakusimulia habari za Eliya.

Eliya sasa ana ndevu. Juzijuzi alinipigia kutoka gerezani, nikadhani ana shida ya kitu. Akaniuliza, "Shangazi, mama siku hizi anakwenda na nani hospitali?" Nikalia tu, naye akanibembeleza mimi.

Basi sikiliza, mwanangu. Nyumbani saidia, sikukatazi, na mama yako mheshimu. Lakini ukichoka, sema umechoka. Habari za daktari, mama aombe mkalimani, ni haki yake, nami nitamwambia mwenyewe kesho. Ukichekwa na ukaumia, usimeze. Njoo ulie hapa kwangu, sitamwambia mtu. Hasira ikikupanda, weka chini chochote ulichoshika, ondoka, hata wakikuita mwoga mtaa mzima. Na mtu akikuambia wewe ni mkubwa sasa, mjibu kwa adabu kwamba bado.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe miaka yako yote kwa zamu yake, huu wa kumi na tano kwanza, na asikubali mtu yeyote akurukishe hata mmoja.