Yule mchezaji kwenye nembo ya ligi ni baba yangu

Leo nimejua kwamba yule mchezaji kwenye nembo ya ligi haruki. Anaanguka.

Mnaonijua mnajua ninavyoringa. Nembo ikitokea tu kwenye televisheni, nawaambia watu: huyo ni mzee wangu, wa hapa hapa Isevya!

Basi mchana tulikuwa msibani Chemchem, nikaonyeshwa mzee aliyeichora ile nembo. Nikamfuata mbio mbio.

"Shikamoo mzee. Mimi ni binti yake Ramadhani, yule uliyemchora akiruka."

"Marahaba, mwanangu. Hakuwa anaruka. Picha niliyopewa ilipigwa siku aliyovunjika goti. Alikuwa anadondoka. Watu wa ligi walitaka mtu aliye hewani, basi mpira nikauongeza mimi."

Jamani, nilikosa pa kuangalia. Mechi ya siku ile ndiyo ilikuwa yake ya mwisho.

Nikarudi nyumbani. Baba alikuwa amekaa barazani, mguu kaunyoosha kama kawaida yake. Nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukuniambia, baba?"

"Ulikuwa mdogo. Kila jioni unaruka uani, unasema unaniiga mimi. Ningekuambiaje?"

Miaka yote hiyo nilikuwa namwita aje aione nembo kwenye televisheni. Naye alikuwa anakuja, anaangalia, anatabasamu.

Nimeshindwa kusema hata pole. Nimechukua mafuta, nikakaa chini, nikaanza kumkanda goti. Hakunizuia.

Nyie mngemwambia nini?