Nani Aanze Ijumaa

Asubuhi ile mkahawa wa Verna Holub ulijaa wanaume wa mji, wakinywa kahawa na kubishana kana kwamba timu ya shule ni mali yao. Ubishi ulikuwa mmoja: nani aanze Ijumaa kama kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani, yule anayeamua mpira urushwe, apewe mwenzake, au akimbie nao mwenyewe.

"Ukuta wetu wa mbele hausukumiki," alisema Harlan Dietz, mkulima wa pamba. "Wa kukimbia tunao. Kinachotakiwa ni mkono wa kurusha mbali. Na mkono ni Dustin, basi!"

"Mkono bila miguu una faida gani?" alidakia Chuy Reyna. "Wapinzani wanakuja mbio kama nyuki. Mpe Efraín, hashikiki yule."

"Efraín si mpwa wako? Wewe ungemsifu hata akicheza pekupeku!"

Wakacheka. "Verna," Harlan aliita, "Dustin ni mwanao. Hebu tuamulie!"

Verna alitabasamu kwa shida, huku kahawa aliyokuwa akiimimina ikifurika kikombe. Tangu mechi iliyopita, Dustin alipoangushwa akagonga kisogo, kijana hakuwa yule wa zamani. Alifunga mapazia mchana. Aliingia jikoni akasahau alichofuata.

"Usimwambie Kocha, mama, nakuomba," alikuwa amemsihi. "Watu wa chuo wanakuja kuniona nikicheza, huenda wakanipa ufadhili."

Naye akaahidi.

Mlango ukafunguliwa, Kocha Kessler akaingia kuchukua kahawa yake. Vichwa vyote vikamgeukia.

"Msinitolee macho. Anaanza Dustin."

Harlan akapiga meza kwa furaha. Verna akaitua birika.

"Kocha, Dustin hachezi. Kichwa chake si kizima."

"Ah, Verna!" alisema Harlan. "Huo ni woga wa mama tu. Nani hapa hajawahi kugongwa?"

"Harlan, juzi aliniuliza baba yake atarudi saa ngapi kutoka shambani. Jeneza la mume wangu Leon ulilibeba wewe mwenyewe."

Kocha akavua kofia. "Mpeleke kwa daktari leo," alisema. "Ijumaa niachie mimi."

Daktari alimzuia Dustin kucheza msimu mzima. Siku tatu kijana hakumsemesha mama yake. Ijumaa alikubali kwenda uwanjani, akaketi kando yake na miwani myeusi. Nyuma yao mtu alinong'ona kwa sauti ya kusikika: "Mama ndiye kocha siku hizi." Verna hakugeuka.

Efraín alikimbia vizuri, lakini kila aliporusha, mpira ulidakwa na wapinzani. Kufikia mapumziko walikuwa nyuma.

"Anamtazama anayemrushia kabla hajarusha," Dustin alisema ghafla. "Wameshamsoma."

"Kamwambie, basi."

Alisita, kisha akainuka. Verna alimtazama akishuka ngazi huku ameshikilia chuma cha kando, mpaka Efraín alipomsogelea na wakainamiana kichwa kwa kichwa.

Walishindwa hata hivyo, kwa pointi chache, na watu wa chuo wakaondoka bila kumuuliza mtu lolote. Garini Dustin alivua miwani yake myeusi.

"Mama," alisema, "hivi kweli nilimuulizia baba, kama wanavyosema mkahawani?"

"Ulimuulizia."

Akaegemeza kichwa dirishani. Verna akaendesha polepole, akikwepa kila shimo barabarani.