Santuri Iliyooshwa kwa Chumvi

Nilimdanganya mama yangu kitu kimoja kidogo, na hicho kidogo ndicho kiliniharibia mambo yote. Nasema hivi mapema ili usije ukamlaumu yeye. Mimi nilimlaumu, tena kwa sauti ya kusikika mpaka plot ya majirani, na hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Kitu chenyewe kilikuwa santuri. Santuri nyeusi ya zamani, ya ule muziki wanaouita hevi metali, magitaa yananguruma na mtu anapiga mayowe kama anayeibiwa. Najua. Mtu wa mtaa wa Kamenu, Thika, na metali, wapi na wapi? Nimeulizwa hilo swali kazini, kanisani, hata na kinyozi akiwa ameshika wembe shingoni mwangu. Huwa najibu kwamba nilifundishwa na ndugu yangu, na wanaojua habari za ndugu yangu wananyamaza hapo hapo.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa anafanya kazi kwa kiwanda kimoja Eneo la Viwanda, kule Thika. Huko akapata rafiki, fundi wa mitambo, mtu wa makamo aliyekuwa na gramafoni na santuri kibao. Wikendi moja fundi akamwazima gramafoni pamoja na santuri moja, na ndugu yangu akaja navyo nyumbani Kamenu akairekodi kwa kanda. Mimi nilikuwa bweni. Shule zilipofungwa nilikuta kanda iko tayari, na ndugu yangu ameshakuwa mtu mwingine, anatingisha kichwa hata akipiga pasi.

Tuliisikiliza hiyo kanda likizo baada ya likizo, tumekaa kwa kiti kimoja sebuleni, redio ikiwa mezani juu ya kitambaa cha mama cha kushona kwa mkono. Mwisho wa upande wa kwanza, ngoma ya mwisho ikishalia, kulikuwa na kicheko. Kifupi tu, cha mbali, kama cha mtu aliyejiziba mdomo kikamponyoka. Nilimuuliza ndugu yangu ni nani huyo anayecheka.

"Ni mpiga ngoma," akaniambia bila kupepesa macho. "Amefurahi vijiti havijavunjika."

Niliamini. Kila kicheko kilipofika ndugu yangu aliniangalia na kutabasamu, na mimi nilidhani anafurahia muziki.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne akafa kwa ajali ya pikipiki, barabara ya Garissa. Sina la zaidi la kusema juu ya hiyo siku. Nilibaki na kanda. Nilienda nayo chuo, nikakaa nayo kwa chumba cha kupanga mtaa wa Kahawa Sukari, na huko huko siku moja redio ikaila. Utepe ulitoka nje wote, umejisokota. Mtu mwenye subira angechukua kalamu ya Biki akauzungusha polepole ukarudi. Mimi sina subira, sijawahi kuwa nayo. Nilipokuwa nahamia Ruiru niliitia kanda kwa gunia la takataka pamoja na ndara zilizokatika, nikajiambia, ya nini kuhangaika na kanda mbovu, nitatafuta muziki wenyewe, safi, kwa intaneti.

Muziki niliupata. Kicheko hakikuwepo.

Aki nilikasirika! Nikadhani nimekosea wimbo. Nikatafuta kwingine, nikakuta ni hivyo hivyo, ngoma ya mwisho inalia, halafu kimya. Nikaingia kwa mabaraza ya mtandaoni ya wale watu wanaokusanya santuri, nikauliza kama kuna anayejua habari za mpiga ngoma anayecheka. Wengine walinicheka mimi. Wengine wakaniambia nimeota. Mmoja tu alinijibu kwa heshima, akasema labda kiko kwenye toleo la kwanza kabisa, kwa sababu santuri zilizochapwa baadaye mara nyingine zilikatwa vipande vya mwisho. Toleo hilo ni adimu, akasema, na utalijua kwa alama ndogo iliyokwaruzwa kwa mkono kwenye santuri yenyewe, karibu na lebo.

Hapo ndipo wazimu ulinishika. Nilitafuta hilo toleo karibu miaka miwili. Lile nililopata mwishowe lilikuwa na bei ambayo sikumwambia mtu yeyote, hata rafiki, hata mchumba niliyekuwa naye wakati huo. Sikununua pambo. Nilitaka kile kicheko, nikae kwa kile kiti, kilie mara moja tu na ndugu yangu awe kama ananiangalia.

Usidhani mambo yalienda sawa. Gramafoni niliyonunua haikuwa na sindano, na fundi wa redio mjini Thika aliniambia "kuja kesho" kwa miezi mitatu mizima. Kila nikifika, kesho. Mwishowe akaitia sindano kwa dakika kumi nikiwa nimesimama pale, akaniuliza mbona sikusema ni kitu cha haraka. Nilitaka kulia. Halafu ikaja habari ya anwani. Mimi naishi Ruiru, nyuma ya duka la hardware, geti la kijani, na wenye kusafirisha vitu kutoka ng'ambo hawataki kusikia habari za geti la kijani. Ikabidi nitumie jina la mama na namba yake, mzigo ushukie Thika.

Mama akanipigia simu siku ya Alhamisi.

"Wewe, kuna kitu chako kimekuja kutoka ng'ambo. Kiko na picha mbaya. Hii umenunua pesa ngapi?"

Sasa, mama yangu ni mtu anayekata sabuni ya mche vipande sita ili idumu. Ningemwambia bei angeitisha maombi. Kwa hivyo nikacheka kidogo nikasema, "Ah mum, hiyo ni mtumba tu. Kuna mtu huko Ulaya alikuwa anatoa vitu vyake vya zamani."

"Ni mtumba?"

"Eeh, ni mtumba tu. Weka hapo, nakuja Jumamosi."

"Sawa, baba," akasema.

Hebu nieleze mtumba ni nini nyumbani kwetu, maana hapo ndipo nilijichimbia shimo. Tangu tukiwa wadogo hakuna kitu cha mtumba kilichoingia kwa nyumba ya mama moja kwa moja kutoka sokoni. Sweta, viatu, begi la shule, hata mpira. Vyote vilipita kwa beseni la maji ya chumvi na sabuni ya unga, vikaombewa, vikaanikwa juani kutwa nzima. "Hujui kilikuwa cha nani," alikuwa anasema. "Hujui alikufa na nini." Ndugu yangu aliwahi kwenda kumtembelea msichana na viatu vya ngozi vilivyokauka mpaka vikapinda kama ndizi, na hakuthubutu kulalamika.

Nilijua haya yote. Nimekua nayo. Lakini kichwani mwangu ilikuwa santuri, haikuwa mtumba, na uongo ukishatoka mdomoni nikausahau.

Jumamosi nilifika Kamenu mchana, gramafoni imo kwa katoni, nimeikumbatia kama mtoto. Nilikuwa na furaha. Mama alikuwa nje anachambua mboga. Nikamsalimia, nikauliza santuri iko wapi.

"Iko pale," akanionyesha kwa kisu. "Itakuwa imekauka."

Ilikuwa juu ya mabati ya kibanda cha kuku. Tangu asubuhi. Nyeusi, juu ya mabati, jua la Thika likiwaka. Kando yake jalada lilikuwa limetandazwa na jiwe juu lisipeperuke, ile picha ya mifupa inayotoka kaburini imepauka kwa kusuguliwa. Ukingo wa santuri ulikuwa umeinuka huku, umeshuka kule, kama chapati iliyosahaulika juu ya moto. Lebo za katikati zilikuwa zimebanduka zote mbili.

"Ngai!" nikapiga kelele. "Mum, umefanya nini?"

"Nimeosha."

"Umeosha? Nani anaosha santuri?"

"Si ulisema ni mtumba?"

Sitaandika yote niliyosema baada ya hapo. Nilisema ameharibu maisha yangu, nikataja bei, nikaona uso wake ukibadilika kwa hiyo bei, na bado sikunyamaza. Nilimuuliza kama hata huko mbinguni atafika na beseni. Kuku walikimbia. Mama aliacha kuchambua mboga. Akaweka kisu chini, na hakupandisha sauti.

"Hiyo karatasi iko na kaburi," akasema. "Iko na mifupa ya mtu. Na mimi nimeshazika mmoja. Ulitaka niiingize kwa nyumba hivyo tu, bila hata chumvi?"

Niliichukua santuri, bado ina joto, nikaingia nayo ndani kwa hasira, nikafungua katoni na kuunganisha gramafoni pale pale mezani. Sijui nilitaka kuthibitisha nini. Nilishusha sindano mwanzoni. Ikaruka. Nikairudisha, ikaruka tena, ikateleza mpaka katikati ya wimbo na kutoa mlio wa kuumiza meno. Nilikuwa karibu kuipasua kwa goti.

Kisha nikaiangalia inavyozunguka. Ukingo ndio ulikuwa unapanda na kushuka. Huku ndani, karibu na tundu, ilikuwa bado imelala sawa. Na kicheko kilikuwa mwisho wa upande, huku ndani! Kwa vile lebo zimebanduka sikujua upande upi ni upi, nikajaribu mmoja, wimbo haukuwa wenyewe. Nikageuza. Nikashusha sindano taratibu.

Wimbo wetu ukatoka. Magitaa yale yale, mayowe yale yale, mazuri kuliko kwenye kanda, kama wako hapo sebuleni. Nikakaa kwa kile kiti. Ngoma zikapanda, zikapanda, ngoma ya mwisho ikalia.

Kimya. Sindano ikakwaruza kwaruza.

Nikairudisha nyuma nikasikiliza tena. Nikaongeza sauti mpaka mwisho nikasikiliza mara ya tatu, sikio nimelibandika kwa spika. Hakuna kitu. Toleo la kwanza, alama ya mkono ile pale naiona kwa macho yangu, na hakuna kitu. Miaka miwili. Ile pesa yote. Nilipiga meza ngumi.

"Unatafuta nini humo?" Mama alikuwa amesimama mlangoni, anajipangusa mikono kwa leso.

Sikuwahi kumwambia. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilimwambia basi, huku nimekasirika hivyo hivyo, kwamba kwa ile kanda ya marehemu kulikuwa na kicheko mwisho wa huu wimbo, cha mpiga ngoma, na kila kikifika marehemu alikuwa ananiangalia, na mimi nilitaka kukisikia tu, hicho tu, na hakipo.

Mama akaingia, akakaa kwenye stuli.

"Haiya," akasema. "Mpiga ngoma gani? Huyo ni yeye."

"Yeye nani?"

"Ndugu yako. Hakuwa na waya za kuunganisha. Aliweka redio mbele ya spika hapo ulipo, akatuambia mtu asiongee. Mimi nilikuwa hapa namenya minji ya kupika. Nikanyamaza, nikanyamaza, huyo mtu analia tu. Wimbo ulipoisha nikamnong'oneza, huyo anayelia hivyo, kwao hakuna mtu wa kumpeleka hospitali?" Mdomo wake ukaanza kucheza. "Akajiziba mdomo na mikono yote miwili. Haikusaidia. Akaniambia, mum, umefanya nimeingia kwa kanda. Nikamwambia arekodi tena, akakataa. Akasema wacha ikae."

Sindano ilikuwa bado inakwaruza. Niliinua mkono wa gramafoni nikauweka pembeni.

Mama alinisogelea akaweka mkono wake begani kwangu, bado unanuka mboga. Hakukuwa na hasira tena usoni mwake. Alikuwa anaangalia gramafoni kwa hamu, jinsi watu wanavyoangalia mlango wakingoja mgeni.

"Sasa hiyo kanda iko wapi?" akauliza. "Si tuiweke tumsikie."

Niliangalia katoni. Niliangalia kitambaa cha mezani. Gunia la takataka la kule Kahawa Sukari lilichukuliwa miaka mingi iliyopita, mimi mwenyewe nililifunga kamba.

"Iko Ruiru," nikasema. "Kwa vitu vyangu."

"Basi Jumamosi ingine uje nayo," mama akasema, akinipangusa vumbi la mabati kwenye shati. "Hiyo sitaiosha."