Mama Aliyepanda Mti wa Miraa

Mimi shule niliiacha mapema, kabla haijanizoea, kwa hivyo mkiona maneno yangu yanazunguka, vumilieni, yatafika. Hii ni habari ya mtoto wa jirani yangu, huko juu ya mji wa Maua, miaka ile Uhuru ulikuwa bado mpya na barabara yetu ilikuwa matope matupu. Pikapu za miraa zilikuwa chache, lakini mbio zake zilikuwa hizi hizi mnazoziona leo.

Kwetu miraa huchumwa na wanaume. Mwanamke hapandi ule mti. Ukiuliza sababu, mzee mmoja atakwambia mti utakauka, mwingine atakwambia majani yatakuwa machungu, wa tatu atakukasirikia tu. Mimi niliamini yote matatu. Lakini watoto hakuna aliyewawekea sheria. Walicheza juu ya ile miti tangu wakiwa wadogo, na mmoja akianguka akavunjika mkono, tulisema amejifunza kupanda. Tulikuwa tunasema hivyo, na kucheka tunacheka.

Basi siku hiyo nilikwenda kwa jirani kuazima jembe. Langu lilikuwa limetoka mpini, na fundi wa mipini alikuwa mtu wa pombe, ukimpa kazi leo utaililia mwezi mzima. Tuyaache hayo. Baba wa boma alikuwa amepeleka mabunda ya miraa Maua. Mama alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni anapukuchua maharagwe. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na miti ilikuwa bado inadondosha maji.

Nikamwuliza, "Mtoto wako yuko wapi leo? Mbona hajanikimbilia kuniomba sukari guru?"

"Yuko hapo nyuma na kuku," akasema.

Tukasikia sauti kutoka juu. Msichana wake mdogo, hata meno ya mbele hayajaanza kung'oka, alikuwa kwenye mti mkubwa kuliko yote shambani, ule wa babu yao. Alikuwa amepita matawi mazito, amesimama kwenye kitawi chembamba, mkono mmoja umeshika majani. Chini yake palikuwa na ukuta wa mawe wa kuzuia udongo.

Nikapiga kelele. "Shuka! Wewe, shuka upesi!"

Mtoto akaniangalia. Mguu ukateleza. Akashika tawi kwa mikono yote miwili na kuanza kulia.

Wanaume wawili waliokuwa wakipita na mbuzi wakaingia mbio, nao wakapiga kelele kuliko mimi. Mmoja akataka kupanda. Alikuwa mtu mzito, anapenda nyama huyo, na alipokanyaga tawi la kwanza mti wote ukatikisika, na mtoto juu akatikisika nao.

"Toka hapo," mama akasema. Hakuinua sauti. "Nyamazeni nyote. Mtu yeyote asimwite mtoto."

Tukanyamaza. Mbuzi tu ndio hawakusikia.

Akavua viatu vyake vya mpira. Akakunja leso kiunoni. Yule mzito akamwambia, "Mama, huo ni mti wa miraa. Ngoja tumtafute kijana."

"Kijana gani? Wote wako Maua na huyo baba yake. Ingieni nyumbani, leteni blanketi la kitandani. Mshike pembe zake hapo juu ya mawe. Na wewe mzee," akaniambia mimi, "usimwangalie mtoto. Uso wako unamtisha."

Niliinama kama mtu anayesali kanisani. Tukashika blanketi tukilivuta sana, jasho linatutoka, na yeye akapanda.

Mtoto sikumwangalia, lakini mama nilimchungulia kwa pembe ya jicho. Mimi nimeona wachumaji hodari. Sijaona mtu akipanda namna ile. Alikuwa anasukuma kila tawi kwa kiganja kwanza, kisha anaweka wayo karibu na shina, kwenye kiungo, si katikati ya tawi hata mara moja. Nani alimfundisha? Na njia nzima alikuwa anaongea na mtoto habari za kuku.

"Yule kuku mwekundu ametaga?"

"Ndiyo," mtoto akajibu huku analia.

"Wapi?"

"Kwenye gunia."

"Gunia gani? Hebu shika shina uniambie vizuri. Kumbatia. Hivyo hivyo. Gunia la mahindi?"

Mtoto akakumbatia shina. Nilisikia tu majani, maana kumwangalia mtoto nilikuwa nimekatazwa. Kisha nikasikia pumzi mbili zikishuka pole pole, na miguu ya mama ikagusa matope karibu na sikio langu, mtoto mgongoni amefungwa kwa leso.

Hakuna aliyesema habari ya mti kukauka. Yule mzito aliketi juu ya mawe, hoi. Mama akaingia jikoni kutupikia chai, na hapo ndipo mikono yake ilipoanza kutetemeka, ikatetemeka hata hakuweza kushika kikombe. Nilimshikia mimi akanywa. Sijawahi kumshikia mwanamke kikombe, hata wangu wa nyumbani. Niliona ni haki yake.

Jioni baba alirudi. Tulimweleza. Nilidhani atauliza nani alimruhusu mke wake kugusa mti. Alichukua panga, akaenda kukata matawi ya miiba kwenye ua wa boma, akayafunga kwa kamba za migomba kuzunguka shina, mahali mtoto hufikisha mkono.

"Wachumaji watalalamika," nikamwambia.

"Walalamike. Watafungua na watafunga tena."

Kisha akamwita mke wake. "Nionyeshe mtoto alikofika."

Mama akanyoosha kidole.

"Pale kwenye panda?"

"Juu ya hapo."

Akarudi nyuma hatua kidogo, akainua kichwa, akakaa hivyo kinywa wazi. Halafu akachukua panga lake tena, akaenda kukata miiba ya kuzungushia miti ile mingine.