Ekseli ya Mkokoteni wa Tata

Leo nimepita kwa mchomeleaji hapa Rwamishenye, harufu ya chuma kilichoungua ikanisimamisha.

Nilikuwa mdogo, nyumbani Muleba. Tata, baba yangu, alikuwa anatengeneza mkokoteni wa kubebea ndizi kwa ekseli ya gari bovu, lakini ulikuwa mpana mno kwa njia ya kibanjani, shambani mwetu mwa migomba. Upande mmoja kulikuwa na kaburi la babu, upande wa pili mgomba ambao bibi aliupanda baada ya maziko.

"Si uukate tu huo mgomba?" jirani alimcheka. "Unahangaika na chuma!"

"Mgomba una mwenyewe," Tata akajibu. "Chuma hakina wa kukililia."

Akaikata ekseli, akatoa kipande cha katikati, akaziunga ncha. Alichomelea kidogo juu, kidogo chini, akingoja ipoe isije ikapinda.

"Geuka, mama, utaunguza macho," aliniambia.

Mkokoteni ulipita. Bibi aliufuata nyuma, akaushika mgomba wake, akamwambia Tata, "Sasa kapumzike, mwanangu."

Juzi tuliliweka jeneza la Tata juu ya mkokoteni uleule. Tulisukuma taratibu. Ulipita katikati, haukugusa kitu.