Nyongeza Aliyoiogopa Bi Mkasi

Kuna wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa radi, na kuna wanaomwogopa mama mkwe. Bi Mkasi aliogopa nyongeza ya mshahara. Usicheke mapema. Ungelelewa katika nyumba aliyolelewa yeye, nawe ungeikimbia nyongeza.

Alikuwa mkataji wa vitambaa katika karakana iliyoshona sare za shule na za wauguzi. Jina la Bi Mkasi alipewa na washonaji, nalo lilimkaa vizuri, maana ulimi wake ulikata vilevile kama mikono yake. Asubuhi alitandaza kitambaa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, akanyoosha mikunjo kwa kiganja, akachora kwa chaki, kisha akaishika mashine ya kukatia na kuipitisha taratibu juu ya mstari. Mashine ikinguruma, hakuna aliyethubutu kumsemesha. Ukiona shati kola yake imekwenda upande, ujue limetoka meza nyingine.

Sasa msimamizi wa chumba cha kukatia alikuwa anastaafu, mgongo umemshinda. Bosi, mtu wa simu nyingi na maneno machache, alimwita Bi Mkasi ofisini.

"Chumba ni chako ukikitaka. Mshahara unapanda. Nijibu Ijumaa, kuna mtu wa nje ananisumbua anakitaka."

"Nitafikiria, bosi."

Na sote tunajua "nitafikiria" ni jina la heshima la "hapana".

Kukitaka, alikitaka. Tena kwa uchu. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akitazama kitambaa kizuri kikiingia kwenye gunia la vipande vya kutupa, kwa sababu msimamizi alipanga vielelezo vya mashati, zile karatasi za kufuatisha wakati wa kukata, kama alivyovikuta vimepangwa na aliyemtangulia. Bi Mkasi alijua kwamba ukigeuza mkono wa shati na kuchomeka kola katikati, unaokoa kitambaa cha kutosha mashati mengine. Akisema, msimamizi anamjibu, "Hapa tumezoea hivi." Akirudi mezani anajiambia, siku nikipewa mimi chumba hiki, mtaona. Siku yenyewe ndiyo hiyo imefika, na yeye anatafuta njia ya kuikataa.

Lawama ziende kwa baba yake. Mzee huyo aliendesha lori la saruji maisha yake yote ya kazi. Mara tatu walimtaka awe mkuu wa madereva, mara tatu akakataa, na nyumbani kwao kukataa huko kulisimuliwa kama nyumba nyingine zinavyosimulia babu aliyeua simba. Mzee mwenyewe alikuwa hachoki. "Wanakupa cheo, cheo kinakupandisha ngazi ya kodi, ngazi ya juu inaumeza mshahara wote, unarudi nyumbani na pungufu ya ulichokuwa nacho jana! Mimi mjinga? Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje." Watoto wanacheka, mama yao anaendelea kuchambua mchele kimya. Maneno ya aina hiyo yakikuingia utotoni, huyatoi kwa sabuni.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, wiki hiyohiyo aliyoitwa na bosi redio ikatangaza mabadiliko: ngazi za kodi ya mapato zimepangwa upya na nafuu ya kodi imeongezwa. Ungewasikia pale karakana saa ya chakula! Mwanamke wa vifungo alisema ngazi zimepangwa upya ili watu wachunwe vizuri zaidi. Mpiga pasi alisema nafuu ni ya wenye watoto watano kwenda juu. Mwingine akaapa kwamba nafuu inaombwa kwa picha nne na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kila mwenye mdomo alikuwa waziri wa fedha. Bi Mkasi alirudi mezani hofu imezaa pacha.

Jumatano alikwenda kwa karani wa mishahara, msichana mpole aliyekaa kwenye kichumba nyuma ya stoo ya nyuzi. Wala hakwenda kuuliza. Alikwenda kutafuta shahidi.

"Mdogo wangu, nihesabie hasara nitakayopata nikipandishwa cheo, nikamwonyeshe bosi."

"Hasara gani, dada?"

"Ya kodi. Nikiingia ngazi ya juu si mshahara wote unatozwa bei ya juu?"

"Nani kakuambia?"

"Kila mtu anajua."

Karani akaanza kueleza. Akataja asilimia, akataja kipato kinachotozwa, akataja kiwango cha pembezoni, mpaka Bi Mkasi akainua mkono. "Mdogo wangu, mahubiri ni siku ya ibada. Nieleze kama unamweleza mtu." Msichana akaumauma kalamu. Kisha akaanzia mbali.

"Mwezi uliopita ulifanya saa za ziada?"

"Nilifanya. Si zile sare za wauguzi."

"Saa ya ziada mnalipwaje?"

"Bei moja na nusu."

"Kwa hiyo siku ile ulipozidisha, zile saa nane za mwanzo nazo zililipwa moja na nusu?"

"Thubutu! Bosi huyuhuyu? Saa nane zina bei yake. Zilizozidi ndizo zina bei ya juu."

"Haya. Na kodi ni hivyohivyo. Pesa iliyo ngazi ya chini inabaki na bei yake ya chini. Kilichozidi tu ndicho kinatozwa bei ya juu. Hakirudi nyuma kuwavuta wenzake."

Bi Mkasi alibaki mdomo wazi, jambo ambalo washonaji wangelipa kiingilio kulitazama. Lakini mtu hauachi uongo wa baba yake kirahisi, akataka hesabu. Karani akamfanyia ya mfano. Tuseme mia ya kwanza haitozwi kitu, mia ya pili inatozwa kumi kwa kila mia, na kinachozidi hapo ishirini kwa kila mia. Mwenye mia mbili analipa kumi. Mpe nyongeza ya ishirini: zile mia mbili bado zinalipa kumi yao, na ile ishirini inatoa nne. Kumi na sita zinabaki mkononi.

"Rudia," alisema Bi Mkasi. Karani akarudia. "Rudia tena, taratibu." Akarudia tena, na safari hii Bi Mkasi alikuwa anamtangulia kwa midomo.

Na hayo mabadiliko ya redioni? Karani alisema ile ngazi ya kwanza, isiyotozwa kitu, wameipanua, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya mshahara inapona. Nafuu nayo inapunguzwa kwenye kodi yenyewe baada ya kodi kuhesabiwa, na hufanya kazi hiyo yeye karani, hapo hapo mezani, bila picha wala mwenyekiti wa mtaa.

"Na nikipanda, hiyo nafuu hainikimbii?"

Hapo nampa msichana sifa zake. Hakubahatisha. Alipiga simu ofisi ya kodi, akasikilizishwa muziki mpaka sikio likapata moto, akapata jibu: wenye vipato vikubwa kabisa ndio wanaoikosa. Mshahara wa msimamizi wa karakana ulikuwa mbali sana na huko.

Mtu mwingine angetoka pale anaruka. Bi Mkasi alibaki ameshika mlango.

"Na zamani? Enzi za baba yangu anaendesha lori?"

"Viwango vilikuwa vingine, dada. Lakini mtindo wa kutoza ni huohuo."

Alikwenda kusimama stoo, kati ya mabunda ya nyuzi, na hasira ikampanda. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza shule alipotolewa kwa kukosa karo. Kipindi hichohicho mzee alikuwa ameshakataa cheo mara mbili, na wao wakimpigia makofi. Alilia kidogo, akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha bluu, akarudi kazini. Siku hiyo alikata mashati tu. Makoti ya wauguzi hakujiamini kuyagusa.

Kesho yake, kazi ilipoisha, alikwenda kwa wazazi. Mama alikuwa ametoka. Baba yake alikuwa ukumbini, kiti karibu na dirisha, anang'arisha viatu ambavyo siku hizi havikuwa na pa kwenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia walitaka kukutega na cheo. Umewakatalia?"

Njia nzima alikuwa ameutengeneza uongo wake, na ulikuwa mzuri. Angesema: baba, zamani ilikuwa kama unavyosema, lakini mwaka huu wamebadilisha sheria, hata redio imetangaza. Mzee angebaki na simba wake, yeye angechukua chumba chake, na nani angeumia? Alifungua mdomo auseme. Ukamkwama.

Akamweleza yote, kuanzia saa za ziada. Baba alielewa upesi kuliko alivyoelewa yeye, maana dereva wa lori anazijua saa za ziada kama anavyozijua breki. Alikiweka kiatu chini.

"Hiyo ni sheria mpya?"

"Hapana, baba. Kilichobadilika ni viwango na nafuu. Mtindo ndio huohuo wa siku zote."

Mzee alitazama nje. Mtaani mtu alikuwa anaburuta meza ya bati kuiingiza ndani ya duka, inakwaruza lami, na wote wawili waliisubiri imalize.

"Mimi nilikuwa najua kuendesha lori," alisema. "Kuwaamrisha wanaume wenzangu sikujua. Kila nikiitwa kwa habari za cheo, nakimbilia lorini. Sasa nirudi nyumbani niseme nini, baba yenu anaogopa? Mtu mmoja kazini akasema hayo maneno ya kodi, nikayadaka. Kodi ikanisitiri."

"Hukujua kama si kweli?"

"Sikujua. Wala sikuuliza. Sikutaka kuambiwa."

"Baba, mimi nilitolewa shule."

"Najua." Hakukwepesha macho, na hilo Bi Mkasi hakulitegemea. "Mama yako alinisihi mwaka ule nikubali. Nikamwambia hajui mambo ya kodi. Kama ningekuwa na uso mwingine ningeuvaa leo, mwanangu, lakini sina. Nisamehe."

Bi Mkasi alikuwa amekuja na maneno yaliyonolewa. Badala ya kuyatoa, alikiokota kile kiatu, akakalia kigoda, akaanza kukipiga brashi. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa peke yake tena.

"Na wewe," baba aliuliza, "unaogopa nini? Usiniambie kodi. Kodi umeshaimaliza."

Alitaka kusema haogopi. Kisha akaona nyumba hii imeshasema hivyo vya kutosha.

"Wale washonaji, baba. Leo tunateta pamoja, kesho niwaambie hiki kimeharibika, rudia. Na kama ile njia yangu ya kupanga kitambaa ikishindikana? Watanicheka mpaka wauguzi wasikie."

"Watakucheka," mzee alikubali. "Basi kaogope ukiwa umekaa kwenye kiti chenyewe. Mimi niliogopa nikiwa nje miaka yote ile, na woga haukupungua hata chembe."

Ijumaa asubuhi, kabla hata hajavaa aproni, Bi Mkasi aligonga mlango wa bosi. Bosi alikuwa na simu sikioni na nyingine inaita mezani. Alimwinulia kidole kwamba asubiri.

Hakusubiri. "Chumba nakitaka," alisema.